Mwaka Wasichana wa Kinondoni Walipochagua Hisabati

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za kabati la vitabu, na tangu hapo kengele ya shule ikilia hainihusu. Jirani yangu ananiambia nipumzike. Nimepumzika siku moja, nikachoka. Basi nimekaa barazani na kalamu, kwa sababu nyie walimu vijana wa idara ya hisabati mliniuliza siku ya kuniaga: zamani za Mwingereza wasichana wa darasa la mwisho walikuwa wakisoma nini? Nilijibu kwa kifupi kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Sasa nitajibu kwa urefu. Habari za vyeo vyangu sitaziandika. Ukuu wa idara niliupata kwa sababu wenzangu wawili walihama, na hilo halina funzo lolote.

Nilifika Kinondoni katika miaka ya hamsini, msichana wa Upare mwenye sanduku moja la bati na cheti cha ualimu, kufundisha hesabu za madarasa ya chini. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa nyumba mpya za mstari mstari zilizojengwa na serikali kwa ajili ya Waafrika, na zikiisha nyumba ni minazi na mihogo. Barabara ilikuwa mchanga mtupu. Ukivaa viatu vya kisigino unatembea kama bata, na mimi siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja waliniona tangu mbali. Hakuna aliyecheka, maana walikuwa wamefunzwa adabu, lakini mifagio yote ilisimama.

Mkuu wa shule alikuwa Mwingereza, Miss Pelham, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kelele wala vumbi, na Kinondoni alipata vyote viwili kwa wingi. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko cha wengi wetu, ila alikisema polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Alinizungusha shule nzima asubuhi ile. Tulipofika darasa la kumi na mbili, ambalo ndilo la mwisho, nikaona ubaoni yameandikwa masomo ambayo wasichana wangeyafanyia mtihani mwisho wa mwaka, ule mtihani ambao maswali yake yalikuwa yakija kwa meli kutoka Uingereza. Kiingereza, Kiswahili, na Dini yalikuwa ya lazima. Chini yake, masomo ya kuchagua: Upishi, Ushoni, Malezi ya Mtoto, Usafi wa Nyumba.

"Na hisabati?" nikauliza.

"Wanamaliza hesabu darasa la kumi," akasema Miss Pelham. "Wakifika hapa wanajua kutosha kwa nyumba yoyote."

Mimi mwenyewe nilijifunza aljebra na jometri jikoni kwetu Upareni. Kaka yangu alikuwa shule ya wavulana, akirudi likizo anachora pembetatu ukutani kwa mkaa, na mama anampigia kelele huku ananiacha mimi niangalie. Baadaye niliufanya mtihani ule peke yangu, mtahiniwa wa nje, nikapita. Kwa hiyo nilijua mlango uliokuwa umefungwa pale ubaoni. Bila hisabati, msichana aliyemaliza darasa la kumi na mbili hakuweza kwenda chuo kikuu cha Uganda kusomea chochote cha sayansi, wala uganga wa hospitali, wala ualimu wa shule za juu. Cheti angepata, tena kizuri cha kutundika ukutani. Angebaki nacho ukutani.

Aliyenilea kazini hakuwa Miss Pelham. Alikuwa Mama Yustina, mwalimu wa ushoni, Mhaya wa makamo, mjane, mnene wa mwili na mwepesi wa mikono. Chumba chake cha ushoni kilikuwa nadhifu kuliko zahanati. Cherehani zake alizipa majina ya watakatifu, na ile iliyokuwa ikikata uzi kila mara aliiita Tomaso. Wiki yangu ya kwanza alikuja kukaa nyuma ya darasa langu bila kuomba ruhusa, akafuma mpaka kipindi kikaisha. Halafu akaniita pembeni.

"Mwanangu Esta, unafundisha vizuri," akasema. "Lakini unauliza swali halafu unalijibu mwenyewe. Wewe ndiye mwanafunzi?"

"Hapana, Mama."

"Basi ukiuliza, funga mdomo. Hata kama kuku watapita darasani, wewe funga mdomo mpaka mtoto ajibu."

Katika mafunzo yote niliyopewa na wakaguzi, na semina zote zenye soda, sijapata ushauri bora kuliko huo. Nawaachieni kama ulivyo.

Sasa, mambo yenyewe yalianzia chumba cha ushoni. Darasa la kumi na mbili walikuwa wakikata sketi ya duara, ile inayofunguka kama mwamvuli ukizunguka. Wakati ule ilikuwa fasheni kubwa mjini. Ili uikate lazima uchore duara dogo la kiuno katikati ya kitambaa, na Mama Yustina aliwafundisha njia yake: pima kiuno, gawa kwa sita na robo, utakachopata ndio urefu wa uzi wa kuchorea hilo duara. Unafunga chaki kwenye uzi, unashika ncha moja katikati, unazungusha. Sketi inakaa kiunoni kana kwamba mtu amezaliwa nayo.

Katika darasa lile kulikuwa na msichana aitwaye Zena, binti wa kuli wa bandarini. Kwao ni Kilwa lakini walikuwa wakikaa Temeke, na kila siku alikuja shule kwa basi mpaka Kariakoo na jingine mpaka Kinondoni. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na macho yake hayakutoka kwenye jambo mpaka limekwisha. Zena akanyoosha mkono.

"Mama, kwa nini sita na robo?"

"Kwa sababu sketi inakaa," akasema Mama Yustina.

"Na mtu akiwa mnene?"

"Sita na robo."

"Na mtoto mdogo?"

"Sita na robo. Hata ukiishonea pipa."

"Sasa kwa nini isiwe namba nyingine?"

Mama Yustina aliweka mkasi chini. Alikuja mlangoni kwangu na Zena nyuma yake, darasa zima la ushoni likawafuata, huku kila mmoja ameshika kipande chake cha kitambaa. "Huyu anauliza kwa nini," akaniambia. "Mimi najua ngapi. Kwa nini ni kazi yako."

Niliwapeleka uwanjani. Tukapima vifuniko vya sufuria, magurudumu ya baiskeli ya mlinzi, mdomo wa kisima, na pipa pia, kwa kuwa lilikuwa limetajwa. Kila mmoja akazungushia uzi, akagawa kwa urefu wa kutoka katikati mpaka ukingoni. Kila mmoja akapata sita na robo, na kitu kidogo juu yake. Nilipouliza swali, nikafunga mdomo. Kuku walipita. Halafu Zena akasema polepole, "Kwa hiyo hii namba si ya sketi. Ni ya duara lenyewe." Mwenzake Anjela, binti wa karani kutoka Songea, msemaji mkuu wa darasa, akasema, "Mwalimu, sisi mbona hatufundishwi haya?"

Nilikwenda kwa Miss Pelham siku hiyohiyo kabla ujasiri haujanitoka. Nikamwomba hisabati iwekwe kwenye masomo ya kuchagua ya darasa la mwisho.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Halafu akasema, "Mwalimu Esta, ratiba imejaa. Ushoni una vipindi vinne vya mchana kwa sababu mtihani wake una kazi ya mikono. Hisabati nitaiweka wapi? Jumapili?"

"Wasichana watatu wanaitaka, labda zaidi."

"Na wakishindwa? Msichana anayeshindwa somo moja anaweza kukosa cheti chote. Watakaolaumiwa ni sisi. Nimeona shule zikinyang'anywa darasa la mwisho kwa matokeo mabaya."

Hakuwa akisema uongo. Mtihani ule ulikuwa hivyo. Nilitoka ofisini nimeinamisha kichwa, na nje nikamkuta Mama Yustina amesimama karibu na dirisha akijifanya anachuma pilipili.

Akaingia kwa Miss Pelham bila kubisha hodi, mkono umejaa pilipili. Mlango haukufungwa, na mimi sikuondoka.

"Memsahib," akasema, "chukua vipindi vyangu viwili uwape hisabati."

"Lakini ni vyako, Mama Yustina. Ulivipigania mwaka juzi."

"Nilivipigania kwa sababu mlitaka kuweka upishi. Upishi wanajifunza kwa mama zao. Hii hawajifunzi popote."

"Na kazi za mikono za mtihani wa ushoni?"

"Watanishonea vipindi viwili badala ya vinne, na watashona haraka zaidi. Mikono yao mimi naijua."

Miss Pelham aliitazama ratiba yake. Mwishowe akatoa masharti. Hisabati itafundishwa. Atakayeichagua lazima mzazi wake aje shuleni mwenyewe kukubali. Na mimi nitampelekea yeye kila mwezi kazi za wasichana aziangalie kwa macho yake. Nikakubali yote. Tulipotoka nje nilitaka kumkumbatia Mama Yustina, akanizuia. "Shika hizi pilipili kwanza," akasema.

Vitabu vya jometri havikuwapo. Tulivipata vya kuazima kwa mwalimu wa shule ya wavulana, vimechorwa masharubu kila ukurasa. Bikari zilikuwa chache, basi wengine walichorea duara kwa uzi na chaki ya ushoni, na nawaambieni kwamba mtu aliyezoea uzi anachora duara safi kuliko mwenye bikari mbovu. Vipimapembe tulikata kwa makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni. Darasa likanukia sabuni mwaka mzima. Ubao nilipaka mwenyewe masizi na majani ya mhogo yaliyopondwa, kama tulivyofanya Upareni, nao ukawa mweusi mpaka Miss Pelham akaomba nimpakie na wa ofisini.

Waliochagua walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Anjela alikuwa kesi ngumu. Alikuwa na akili lakini hakuwa na subira. Alitaka jibu kabla swali halijaisha. Siku moja alitupa penseli chini akasema, "Mwalimu, naona kwa macho kwamba hizi pembe mbili ni sawa! Kwa nini nithibitishe?" Nikachora ubaoni picha nyingine, ya makusudi, ambayo pembe zake zilionekana sawa lakini hazikuwa. Nikamwita azipime. Akapima, akapima tena, akasugua macho yake kana kwamba yamemwibia. Tangu siku ile Anjela akawa mkali wa kuthibitisha. Alidai uthibitisho hata kwa mpishi, kwamba maharage yameiva.

Kikwazo kilikuwa Temeke. Wazazi wengine walikuja shuleni, wakakubali, wakarudi. Baba yake Zena hakuja. Wiki ya pili Zena akaniambia, macho chini, "Mwalimu, baba amekataa. Na amesema kama shule imepunguza ushoni, bora nirudi nyumbani."

Jumamosi nikapanda basi kwenda Temeke. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, uwanja umefagiwa vizuri, na Mzee Salum nilimkuta amekaa mkekani, kifua wazi, mabega mapana ya mtu aliyebeba magunia tangu ujana. Alikaza haraka kikoi chake na kuvaa shati aliponiona.

"Karibu, Mwalimu. Mama Zena, mwalimu kaja. Zena, leta kiti."

Tukasalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za Kilwa na za Upareni, ambako hakuna kati yetu aliyemjua mtu wa mwenzake. Halafu nikaeleza nililojia. Alinisikiliza vizuri.

"Mwalimu, mie si mtu wa kukataa shule," akasema. "Ningekuwa mkataaji, huyu asingefika darasa hilo. Lakini niambie kitu kimoja. Huyu akishindwa hiyo hesabu yenu, na cherehani kaiacha, atabaki na nini mkononi?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga ndani ya basi. Hakuna hata moja lililomfaa mtu yule. Alikuwa anauliza swali la kweli.

Zena akasema kutoka mlangoni, "Baba, ushoni sijaacha. Nitafanya yote mawili."

"Kwa vipindi viwili?"

"Na hapa nyumbani. Mama Yustina atanipa kazi nije nazo."

Mzee Salum akatikisa kichwa. Hapo mama yake Zena, ambaye alikuwa akichambua mchele na hakuwa amesema neno, akauliza bila kuinua uso: "Kanzu uliyovaa Idi, kashona nani?"

"Si huyu hapa."

"Ilikuwa na kasoro?"

"Haikuwa nayo."

"Basi ushoni anaujua. Mtoto anapelekwa shule akasomee anachokijua?"

Mzee Salum akacheka kicheko kikubwa kilichomtoa jirani mlangoni. "Haya," akasema. "Jumatatu ntafika kwa huyo Mzungu wenu. Lakini Zena, ushoni usishuke. Ukishuka, nakuja kukutoa mwenyewe."

Alikuja kweli, na kanzu ileile. Miss Pelham alimpa kiti, akampa na chai. Walizungumza kidogo tu, ila alipoondoka, Miss Pelham aliniambia, "Yule bwana ameniuliza swali ambalo nilikuuliza wewe."

Mwaka ukaenda. Kazi za wasichana nilizipeleka kila mwezi, na Miss Pelham mwanzoni alizirudisha bila neno. Baadaye akawa anazirudisha na alama ndogo za penseli pembeni. Halafu siku moja akaniuliza, kwa haya kidogo, kama njia ya Zena ya kutatua swali fulani ilikuwa ni ya kitabuni au ameitunga. Alikuwa ameitunga. "Nilidhani hivyo," akasema, akaenda zake na karatasi hiyo.

Mtihani wa hisabati uliangukia mwisho wa mvua za vuli, na vuli ya mwaka ule ilikuwa ya hasira. Ilinyesha siku mfululizo. Asubuhi ya mtihani ilikuwa imekatika, jua linatoka, lakini niliposikia muuza maziwa akisema kwamba bonde la Msimbazi limejaa na mabasi hayavuki Jangwani, nikawahesabu kichwani wanafunzi wangu. Wasichana wote walikaa upande wetu wa bonde, bwenini au Magomeni, isipokuwa mmoja.

Nilimwachia Mama Yustina darasa nikakimbia mpaka Jangwani. Viatu vyangu nilivishika mkononi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamefunika barabara, yanakwenda kasi, yanabeba matawi na mbuzi mmoja aliyekufa. Watu walijaa pande zote mbili wakitazamana. Upande wa pili nikamwona Zena na sare yake, mfuko wa vitabu kichwani. Pembeni yake alikuwa Mzee Salum, na nyuma yao wanaume wanne au watano wa bandarini, na kamba nene ya kufungia mizigo.

Nikapiga kelele, "Msivuke!" Hawakusikia, au walisikia.

Mmoja alijifunga kamba kiunoni akaingia kwanza, akapima njia kwa fimbo, akavuka mpaka kwetu, na sisi tukaishika ncha. Ile ya pili ilishikwa na wenzake. Kisha Mzee Salum akachuchumaa. Zena akapanda mabegani mwake kama mtoto mdogo, vitabu juu ya kichwa, na baba yake akaingia majini, mkono mmoja kwenye kamba, mwenzake nyuma yake amemshika mgongo. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani. Katikati aliyumba, na watu wa pande zote wakasema "Yaa!" kwa sauti moja. Akasimama. Akatafuta kwa mguu. Akaenda tena, hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba gunia kwenye ubao mwembamba wa meli, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alipofika kwetu alimshusha Zena mchangani, akainama akikohoa maji.

"Mzee Salum!" nikasema, machozi yananitoka. "Umefanya nini?"

"Kasema mie nisipomvusha ataogelea," akajibu akihema. "Unamjua. Angeogelea." Akamgeukia binti yake. "Nenda. Unasimama nini?"

Muuza maziwa yule, aliyekuwa amenifuata Jangwani, alimpakia Zena nyuma ya baiskeli yake, madumu akayaacha kwa watu, akakanyaga kwenye mchanga kama mwenda wazimu. Mimi nilifuata kwa miguu. Nilipofika shule nikamkuta msimamizi wa mtihani, Mwingereza mgeni kutoka mjini, amesimama mlangoni na saa, na mbele yake amesimama Miss Pelham, mrefu, amejaza mlango wote.

"Kanuni zinampa nusu saa ya kuchelewa," Miss Pelham alikuwa akisema kwa Kiingereza cha barafu, "na nusu saa haijaisha. Nitasimama hapa mpaka iishe."

Zena alikuwa amenitangulia kufika, amelowa mpaka kiunoni. Mama Yustina alimvuta chumba cha ushoni akamvika gauni la kwanza lililokuwa mezani, ambalo lilikuwa bado na pini za kupindia. Akaingia kwenye mtihani hivyo, kila akijisogeza anachomwa. Aliniambia baadaye kwamba pini zilimsaidia asisinzie kwa uchovu. Mzee Salum, aliyekuja nyuma yangu kwa miguu, alikaa nje chini ya dirisha la jikoni, akaletewa uji na blanketi, akabaki pale mpaka mtihani ulipokwisha.

Nyie mnaopata matokeo haraka hamjui kungoja majibu yanayokuja kwa meli. Tulingoja mpaka nikaacha kuuliza. Siku yalipofika, Miss Pelham hakuitisha mkutano. Alitoka ofisini mbio, yeye aliyekuwa akituambia kila siku kwamba wanawake wa heshima hawakimbii, akavuka uwanja na kofia imemwanguka, akaingia darasani kwangu mbele ya wanafunzi wa darasa la tisa.

"Wamepita!" akasema. "Wote isipokuwa mmoja. Na Zena binti Salum amepata daraja la juu kabisa. La hisabati na la ushoni!"

Darasa la tisa hawakujua vizuri kilichotokea lakini walipiga vigelegele hata hivyo. Mama Yustina alitoka chumba chake ana futi ya kushonea shingoni, akanishika mikono, tukazunguka uwanjani kama wasichana, na Miss Pelham akatuangalia akipanga nywele. Yule mmoja aliyeanguka alirudia mwaka uliofuata akapita, nami nataka ijulikane. Anjela, aliyeapa kwamba amefeli, alipita kwa alama za kutosha tu, akadai uthibitisho mpaka akaonyeshwa. Na ubaoni kwa darasa lililofuata, kwenye masomo ya kuchagua, hisabati iliandikwa ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wa Miss Pelham mwenyewe.

Zena alikwenda chuo kikuu cha Uganda, na yaliyompata huko na baadaye ni yake kuyaandika. Mimi nimalizie na siku moja tu, kabla hajasafiri, Mzee Salum alipoalika watu nyumbani kwake Temeke kula pilau.

Makuli wenzake walijaa uwanja mzima, wale wa kamba wamekaa mbele. Walipomaliza kula, Mzee Salum akasimama. "Wenzangu wananiuliza, huyu alikwenda kuandika nini mtihanini mpaka tukamvusha maji vile? Zena, waonyeshe."

Zena aliona haya kidogo. Kisha akachukua kijiti na uzi, akachora duara kubwa mchangani, na mstari mmoja unaopita katikati kutoka ukingo hadi ukingo. "Nani anataka kuchagua?" akauliza. "Weka mguu popote kwenye mzunguko."

Kuli mmoja mnene akaweka kidole cha mguu. Zena akavuta mistari miwili kutoka hapo hadi kwenye ncha za ule mstari wa katikati, akachukua kona ya boksi la chai akaiweka kwenye pembe. Ikaingia sawasawa, pembe mraba.

"Bahati," mwingine akasema, akaweka mguu wake karibu kabisa na ncha, mahali pa kukomoa. Zena akachora. Kona ya boksi ikaingia sawasawa. Akaja wa tatu, akaja wa nne, kila mmoja ana hila yake, wanasukumana, wanacheka, wanachagua sehemu ambayo lazima itamshinda. Haikumshinda. Uwanja ulijaa mistari. Mwishowe yule mnene, jasho linamtoka, akainua mikono.

"Salum, nimeshindwa," akasema. "Kila nikitia mguu, kona ni ileile. Mtoto wako huyu hakamatiki."

"Umeelewa kwa nini?" Mzee Salum akamuuliza, kifua mbele.

"Kwa nini sijui. Lakini si uongo."

Zena akafuta mchanga kwa mkono, akachora duara jipya, safi. "Kaeni basi," akasema, "niwaeleze kwa nini."

Wakakaa.